Mtoto Mwenye Ulemavu Kabla ya Darasa la Kwanza: Chekechea, Chuo na Darasa la Awali katika Delta ya Rufiji

Kumjumuisha mtoto mdogo mwenye ulemavu ni kumpeleka palepale wanapopelekwa watoto wenzake wa kitongoji kimoja, acheze nao na afundishwe nao, na mahali penyewe parekebishwe ili pamfae. Umri unaozungumzwa hapa ni kati ya miaka mitatu na sita. Mahali penyewe panaweza kuwa darasa la awali la shule ya msingi, chekechea ya kijiji, chuo cha Kurani, au baraza la nyumba ambako mama mmoja huwaangalia watoto wa majirani walioko shambani. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na linavyokwama, katika Wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji, mkoani Pwani.

Huku kwenye maji, umbali ndio unaoamua mengi kuliko aina ya ulemavu. Kwa mtoto wa miaka minne, huduma inayohitaji boti, kisha pikipiki, kisha basi, ni kama haipo. Kwa hiyo ujumuishi katika delta huanzia kitongojini au hauanzi kabisa, na hilo ndilo litakalofuatwa katika maelezo yote yanayokuja.

Nchi ya maji na tope

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wa Kibiti uko kwenye barabara ya Kilwa, zaidi ya kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam, na anayeishi kando ya lami anaweza kumfikisha mtoto kwenye hospitali kubwa kwa basi moja. Upande wa mashariki hali ni tofauti. Rufiji inapokaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi inayopita ndani ya msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina hiyo Afrika Mashariki. Humo na pembezoni mwake viko vijiji kama Salale, Mfisini, Kiasi, Mbwera, Msala, Kiongoroni na Maparoni. Wakazi, wengi wao Wandengereko na Wanyagatwa, huvua samaki na kamba na kulima mpunga. Kijiji kimoja huweza kuwa na vitongoji vinavyotenganishwa na mto, na safari hupangwa kwa maji: yakijaa boti inapita, yakipwa pale palipokuwa na njia hubaki tope.

Katika mazingira hayo kiti mwendo cha kawaida hakisogei. Chombo cha kwanza cha usafiri wa mtoto asiyetembea ni mbeleko ya mama au ya bibi yake, na mbeleko ina mwisho wake. Mtoto wa miaka miwili anabebeka bila shida. Wa miaka minne anabebwa kwa taabu. Akifika sita, mama mwenye mimba nyingine au mwenye mgongo uliochoka hawezi tena. Umri huo wa kushindwa kubebwa ndio uleule ambao shule inamfungulia mlango. Mpango wowote wa elimu ya awali katika delta usiojibu swali la nani atambeba mtoto, kwa njia ipi na mpaka lini, utawapata watoto wanaotembea tu.

Kuna pia suala la msimu. Mpunga unapoanza kuchanua, familia nyingi huhamia mashambani na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Wiki hizo chekechea hubaki na watoto wachache. Mtoto mwenye ulemavu huachwa na bibi kijijini au hupandishwa dunguni, ambako mwenye kifafa anaweza kuanguka na asiyeona hana pa kutembeatembea. Kituo kinachofaa hapa hufuata watu: mlezi mmoja hukusanya watoto karibu na mashamba kwa muda huo, hata kama ni chini ya mwembe. Naona hili ni la lazima kuliko jengo zuri lililofungwa kwa miezi miwili.

Hesabu inayoanza miaka saba

Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba asilimia 9.3 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu, na ile ya 2022 ikaonyesha asilimia 11.2. Hizo ndizo takwimu zinazonukuliwa katika mipango na bajeti. Maneno yanayosahaulika ni yale ya «miaka saba na zaidi». Mtoto wa chekechea hamo katika asilimia hiyo. Ipo sababu ya kitaalamu, kwa kuwa ni vigumu kutenganisha kuchelewa kwa kawaida na ulemavu kwa mtoto mdogo, lakini matokeo yake ni kwamba halmashauri hupanga madawati, walimu na vifaa kwa watoto inaowahesabu, na hawa hawahesabiwi.

Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, na kwamba uwezekano wao wa kuhudhuria elimu ya awali ni mdogo kwa asilimia 25 kuliko wa watoto wasio na ulemavu. Takwimu iliyo karibu zaidi na delta, kwa hali ya nchi na magonjwa, inatoka Kilifi katika pwani ya Kenya. Huko watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali kumi mafupi kuhusu watoto wa miaka sita hadi tisa, kisha wakawapima waliohisiwa. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta watoto 61 katika kila 1,000 wenye matatizo ya wastani au makali ya mfumo wa fahamu, na kifafa kiliongoza. Kilifi si Kibiti, lakini ni pwani yenye malaria, uvuvi na kilimo cha jembe la mkono, na yeyote anayepanga huduma za Kibiti ana haki ya kuanzia hapo badala ya kuanzia sifuri.

Namna ya kuuliza ni jambo kubwa. Ukimuuliza mama, «Una mtoto mlemavu?», mara nyingi atajibu hana, kwa aibu, kwa hofu, au kwa sababu kweli haoni kwamba mwanawe anaitwa hivyo. Maswali yaliyotolewa mwaka 2016 na UNICEF pamoja na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu, kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, hayataji ulemavu hata kidogo. Huuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kushika vitu vidogo kwa vidole, kuelewana na wengine, kujifunza, kucheza, na tabia ya kupiga au kuuma wenzake. Mengi yake humlinganisha mtoto na wenzake wa rika lake, na ulinganisho huo mama wa kijijini anaufanya kila siku bila kuombwa. Anajua kwamba mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja na wake anakimbiza kuku wakati wake bado anakaa kwa kuegemezwa.

Wa kuuliza wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kwa miaka mitano. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chandarua na kliniki anaweza kuongeza maswali ya maeneo hayo manane. Orodha yake ikipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mwalimu wa awali na kwa mwalimu wa chuo, itakuwa sensa ya kwanza ya watoto hawa kijijini.

Yanayoleta ulemavu, na yasiyosubiri

Sababu nyingi zinahusu saa za kuzaliwa na miaka miwili inayofuata. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa uchungu mrefu, mama yake akisubiri maji yajae ili boti iondoke, anaweza kubaki na mtindio wa ubongo. Umanjano mkali usiotibiwa katika siku za mwanzo huharibu ubongo na masikio. Homa ya uti wa mgongo huacha uziwi, selimundu huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto mdogo, na usaha wa sikio unaotoka miezi kwa miezi hupunguza usikivu bila mtu kugundua. Malaria kali bado ina nafasi yake. Tafiti za Kenya na Uganda zimeonyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona malaria ya ubongo hubaki na upungufu wa kuelewa, wa kusema au wa viungo.

Pwani, mtoto mwenye homa anapostuka na kukaza macho, watu husema ni degedege, na wengi huanzia kwa mganga. Kumkaripia mama kwa hilo hakujaleta faida. Kinachosaidia ni mganga kujua kwamba mtoto akistuka apelekwe zahanati siku hiyohiyo, na kwamba kazi yake inaweza kuendelea baadaye. Wako waganga wanaokubali mpango huo wakiheshimiwa.

Baadhi ya mambo yana saa yake na hayangoji mtoto afike darasa la awali. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida wiki chache tu, ikianzwa mapema. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu usiku hadi kiasi cha miaka minne. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994, imetibu miguu ya aina hiyo na midomo iliyopasuka kwa miaka mingi. Kazi ngumu kwa mzazi wa delta ni ile ya kurudi kila wiki, kwa nauli ya boti na basi na mahali pa kulala mjini. Kichwa kinachokua haraka kwa kujaa maji hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na kila wiki ya kuchelewa huongeza madhara.

Saa inayosahaulika kuliko zote ni ya lugha. Mtoto kiziwi aliyezaliwa kwa wazazi wanaosikia, katika kitongoji ambacho hakuna mtu anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, hutumia miaka yake bora ya kujifunza lugha bila lugha yoyote kamili. Ana ishara za nyumbani: chakula, lala, baba, maji. Hana ishara ya jana, ya kwa nini, ya kama. Akifika shule ya viziwi, kama ile ya Buguruni jijini, akiwa na miaka tisa, ataanza pale ambapo wenzake wanaosikia walikuwa wakiwa na mwaka mmoja. Kati ya ulemavu wote wa umri huu, naamini uziwi ndio unaodhulumiwa zaidi katika vijiji vya delta, kwa sababu mtoto ana afya, anatembea, anasaidia kazi, na kila mtu anadhani hana haraka.

Mahali ambapo watoto tayari wanakusanyika

Chuo cha Kurani ndicho cha zamani kuliko vyote na ndicho kilichofika kila kitongoji. Mtoto hupelekwa akiwa na miaka minne au mitano, karibu na nyumbani, na mwalimu anamjua babu yake. Hapo husomwa kwa kusikiliza, kurudia kwa sauti na kuhifadhi, na kwa mtoto asiyeona hiyo ni njia anayoiweza sawa na wenzake. Waislamu wa pwani wamewafahamu mahafidhi wasioona tangu zamani, kwa hiyo mwalimu hahitaji kushawishiwa kwamba mtoto huyo anafundishika. Lakini mtoto kiziwi akiwekwa katika duara lilelile hapati kitu. Kwake inafaa akae mbele, apewe ubao na afuatishe herufi kwa kidole, na mwalimu amwonyeshe kituo cha kuanzia na cha kumalizia.

Chekechea za vijiji zilipata nguvu wakati wa Ujamaa, ambao Rufiji iliuonja mapema: baada ya mafuriko, mwaka 1968 na 1969 watu walihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vipya. Akina mama waliokwenda kwenye mashamba ya pamoja walihitaji mahali pa kuacha watoto. Mwaka 1981 ikatungwa Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sera ya elimu ya 1995 ilitambua rasmi elimu ya awali, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada zilipofutwa, uandikishaji wa awali nchini uliruka kutoka watoto milioni 1.07 mwaka 2015 hadi milioni 1.56 mwaka 2016. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi yalijaa mara kadhaa ya hapo. Katika darasa la namna hiyo mtoto anayehitaji kusaidiwa kwenda chooni ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani, mara nyingi kwa maneno ya upole.

Mbali na shule mama, vijiji hujenga shule shikizi ili watoto wadogo wasivuke mto au kutembea mbali. Kwa watoto wenye ulemavu, hiyo ndiyo hatua ya maana kuliko nyingi zenye jina lao. Desemba 2021 ilizinduliwa pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayozikutanisha wizara za afya, elimu na maendeleo ya jamii kuhusu mtoto wa tangu mimba hadi miaka minane. Mkoa wa Pwani umo pia katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora.

Pwani ya Afrika Mashariki imekwisha kujaribu namna mbili za kuigwa. Ya kwanza ilianza Mombasa katika miaka ya 1980, pale wazee Waislamu walipotaka chekechea isiyowatenga watoto wao na dini. Kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan na kazi ya Bi Swafiya Said, yakazaliwa madarasa ya awali yanayoendeshwa na jamii: kijiji kinatoa chumba, wanawake wa hapohapo wanafunzwa ualimu, na vifaa vya kuchezea hutengenezwa kwa vifuu, makombe ya pwani na vibunzi vya mahindi. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa 2008 ulikuta kuwa watoto wa madarasa hayo walipiga hatua zaidi kiakili kuliko waliokaa nyumbani. Namna ya pili ni vituo vya TuTu vya Zanzibar, yaani Tucheze Tujifunze, vilivyoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 2000: watoto wasiofikiwa na shule walikusanyika na mlezi wa kijijini, wakafuata vipindi vya redio vya nyimbo, hesabu na michezo. Redio inafika hata ndani ya mikoko, na ingefaa delta. Kasoro yake iko wazi: humwacha nje mtoto kiziwi, isipokuwa mlezi afunzwe kugeuza kila kinachosemwa kuwa kitendo.

Ndani ya kituo

Kazi ya kila siku huanzia kwenye kukaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilazwa mkekani anaona dari. Akikalishwa anaona wenzake, na mikono yake inapata kazi. Njia rahisi ni kuchimba shimo dogo kwenye mchanga, kina cha makalio, akakaa humo mchanga ukimshika pande zote. Ya pili ni kiti cha kona: mbao mbili zinazokutana nyuma ya mgongo, kigingi kilichofunikwa kitambaa katikati ya mapaja, na meza ndogo mbele. Nchini Zimbabwe Bevill Packer alionyesha namna ya kutengeneza viti kama hivi kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, na njia hiyo imesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Katika unyevu wa delta ningependekeza mbao. Kila kijiji kina fundi wa mitumbwi na madau. Anayeweza kuunganisha mbao mbili zisipitishe maji hawezi kushindwa na kiti, akionyeshwa mtoto mwenyewe na kuambiwa anaelemea upande gani.

Uji ni somo lenyewe. Mtoto wa aina hii akinyweshwa huku amelala chali au kichwa kimepinduliwa nyuma, uji huingia kwenye njia ya hewa, na kikohozi kinachofuata huja kuitwa nimonia. Hukalishwa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, na mlishaji asubiri ameze. Inachukua muda mrefu, na ndiyo maana kituo kinahitaji mtu wa pili.

Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, mwalimu huchora kwa mistari mikubwa myeusi na kumweka mbele, mgongo wake ukielekea dirishani. Mwenye ualbino huhitaji hivyo hivyo, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kivuli wakati wa mchezo. Mafuta ya Kilisun ya kujikinga na jua hutengenezwa Moshi kwa ajili ya ngozi hizo. Safari ya mtumbwi wa wazi saa sita mchana ni ya hatari kwake, kwa kuwa jua humpiga kutoka juu na tena kutoka majini.

Kwa mtoto kiziwi mwalimu husimama nuru ikimmulika usoni, wala haongei akiwa amegeukia ubao. Kila mtoto darasani hupewa ishara ya jina lake, na wote hujifunza ishara za salamu, uji, choo, njoo, ngoja, pole, zamu yangu. Watoto wadogo hupenda jambo hili na kulishika kabla ya wakubwa. Mwaka ukiisha, mtoto kiziwi ana watu ishirini wa kuzungumza nao badala ya mama peke yake. Hilo halitoshi kuwa lugha kamili, kwa hiyo ni lazima atafutwe mtu mzima kiziwi anayejua Lugha ya Alama, kupitia chama cha viziwi, CHAVITA, aje kukaa na watoto na wazazi wao mara kwa mara.

Mtoto anayechelewa kuelewa husaidiwa na mpangilio usiobadilika na vitu halisi. Kikombe kikitundikwa msumarini maana yake uji, mpira maana yake nje, mkeka maana yake hadithi. Kazi hukatwa vipande vidogo na mtoto huachiwa kipande cha mwisho, ili yeye ndiye anayemaliza.

Kifafa kinastahili aya yake, kwa kuwa delta ni maji. Mtoto akianguka, hulazwa ubavu, huondolewa vitu vya kumuumiza, hawekewi kitu mdomoni, na degedege likipita dakika tano anapelekwa zahanati. Dawa hunywewa kila siku, hata asipoanguka kwa miezi. Kwenye mtumbwi hukaa katikati, kando ya mtu mzima anayemjua, na hachezi ukingoni mwa mto peke yake. Wenzake wakifundishwa mara moja kwamba mate yake hayaambukizi, hofu huisha, na wao ndio watakaokimbia kumwita mlezi.

Walimu huuliza juu ya matusi. Watoto huita wenzao bubu, zezeta na kiwete kwa sababu wakubwa huita hivyo. Mwalimu akimtaja mtoto kwa jina lake tangu siku ya kwanza, na kumpa zamu ya kugawa vikombe kama wengine, kwa kawaida darasa humfuata.

Gharama iliyofichika

Vituo vingi vikikubali kumpokea mtoto humwambia mama yake: sawa, lakini ubaki naye. Inaonekana ni busara. Kwa kweli ni ada, na anatozwa maskini kuliko wote, kwani mama huyo halimi wala hachuuzi samaki, na baada ya mwezi humrudisha mtoto nyumbani. Namna ya haki ni zamu: kila mzazi wa kituo, mwenye mtoto mwenye ulemavu na asiye naye, hukaa siku moja kama msaidizi. Baba pia. Faida ya pili ya zamu ni kwamba wazazi wote hujua kumkalisha na kumlisha mtoto huyo, na mama yake akiugua, wapo watu.

Sheria iko upande wao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, inayotaka kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, mbili kati ya hizo zikiwa za watu wenye ulemavu. Kamati ya kijiji inayokutana kweli inaweza kudai mambo madogo yenye bei inayojulikana: fito mbili za kushikilia chooni, kiti chenye tundu, daraja la mbao juu ya kijito, nauli ya mama anayempeleka mtoto kubadilishiwa plasta. Mtaalamu wa utengamao hawezi kukaa katika kila kijiji, lakini akifika mara moja kwa msimu na kumwona mtoto akiwa kituoni, pamoja na mlezi, mzazi na fundi wa mbao, ushauri wake utafanyiwa kazi. Walimu waliosomea elimu maalumu, wengi kutoka Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, huelekezwa zaidi kwenye vitengo vya shule za mjini. Mmoja tu akipewa kata nzima ya delta awe anazunguka, na boti ikitengewa mafuta, atawafikia watoto ambao kitengo hakitawaona kamwe.

Mafuriko, na kupanda darasa

Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalizamisha makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyohiyo, kikitua Mafia. Maji yakija usiku, mtoto asiyesikia haamki kwa kelele, asiyetembea hakimbii, na mwenye kifafa huachwa bila dawa zilizolowa. Kituo cha kitongoji ndicho kinachoweza kuwa na orodha fupi ya nani anabebwa, anabebwa na nani asiye mama yake, na kwa chombo gani. Dawa hufungwa kwenye dumu la kifuniko kipana pamoja na kadi ya kliniki. Orodha hiyo hupitiwa Februari, kabla ya masika, na nakala hukaa kwa mwenyekiti.

Mwisho wa mwaka unapokaribia huja suala la darasa la kwanza. Wazazi huambiwa wachague kati ya shule ya kijijini na kitengo au shule ya bweni iliyo mbali, na kwa mtoto wa miaka sita au saba bweni ni uamuzi mzito. Kwa kiziwi, shule yenye watoto wengine viziwi mara nyingi itamfaa zaidi, kwa sababu huko iko lugha yake. Kwa asiyetembea mwenye akili timamu, hakuna sababu ya kumtoa kijijini ikiwa dawati, choo na njia vimerekebishwa. Kabla shule hazijafungwa, mwalimu wa darasa la kwanza anapaswa kuja kituoni asubuhi mbili au tatu, amwone mtoto anavyokaa, anavyoomba maji, na anacheka na nani. Mlezi humkabidhi daftari lenye mambo hayo, fundi huhamisha kile kiti, na watoto wawili waliozoea kumsaidia huandikishwa naye mkondo mmoja Januari.